Mahamri na Mbaazi: Kazi ya Usiku Huonekana Asubuhi

Ukishuka feri upande wa Likoni alfajiri, usitafute bango. Fuata harufu ya iliki. Vibanda vya mahamri na mbaazi vina karai, sinia, sufuria iliyofunikwa na benchi moja la wanaokula hapo hapo. Chakula ni hicho tu, basi mpishi hana pa kujificha. Mwenye hoteli ya vyakula ishirini akiharibu kimoja utamsamehe. Huyu akiharibu kimoja, ameharibu nusu ya jiko.

Nimekula katika vibanda vya Likoni, Kisauni na Changamwe miaka mingi, na siku hizi natafuta kitu kimoja: jana usiku jiko hili lilifanya nini? Mbaazi zilirowekwa? Unga ulipewa muda wa kuumuka? Nilipomwuliza mama mmoja wa Kisauni kama mbaazi zake zimelala majini, alinijibu bila kuinua macho, "Zililala kabla yangu, mwanangu." Nikaketi.

Anza na hamri, na anza kwa macho. Hamri lililoumuka sawasawa huelea juu ya mafuta, hivyo ubavuni hubaki na mkanda mwembamba wa rangi hafifu kati ya pande mbili za hudhurungi. Lisilo na mkanda huo mara nyingi lilizama kwa uzito wake. Tazama pia mkono wa mpishi: anayeijua kazi hulimwagia hamri mafuta ya moto kwa upawa mara tu linapoingia karaini, likafura kama shavu. Kisha libonyeze. Likirudi polepole, vema. Likibaki na alama ya kidole, ndani ni bichi. Mwisho lichane. Linapaswa kuwa na uwazi katikati na kuta nyembamba zenye vinyuzi, na harufu ya iliki ije wakati huo, isiwe imekwisha kupotelea karaini. Iliki iliyotwangwa jana husikika. Ile ya pakiti iliyofunguliwa mwezi uliopita ni vumbi tu.

Hapa ndipo wengi huchanganya hamri na andazi. Bekin pauda hufanya kazi papo hapo, na kinachotoka ni andazi, hata likikatwa pembe tatu. Andazi silidharau, lina saa yake. Lakini hamri linataka hamira, tui badala ya maji, na mikono isiyochoka kukanda. Ukitaka kujua umeuziwa lipi, liache mpaka saa nne. Hamri la hamira na tui litakuwa bado laini. Lile jingine litakuwa limeanza kukauka na kumong'onyoka.

Subira hiyo ya kukanda haiko kwetu tu. Wajapani, walioshiriki kulijenga Daraja la Nyali lililofunguliwa 1980, wana chakula ambacho mpishi wa mahamri angekielewa bila mkalimani. Ni udon, tambi nene za ngano. Katika mkoa wa Kagawa, kisiwani Shikoku, unga, maji na chumvi hukandwa, donge likafunikwa na kukanyagwa kwa miguu, kisha likaachwa lipumzike. Mlaji huko hupima ukinzani wa tambi kwenye meno, na wana neno lake, koshi. Supu yao huanza na dagaa wakavu. Vibanda vyao vizuri ni vidogo, vina foleni, na chakula ni karibu kile kile kila siku. Hawakutuachia udon Kisauni, ila darasa lao la unga tunalo.

Sasa mbaazi, maana hapa ndipo watu hutengana. Mbaazi nzuri ni nzima sufuriani na hupondeka kwa ulimi. Kupata yote mawili ni kazi, na mchawi ni maji. Sehemu nyingi za Likoni na Kisauni watu hutumia maji ya kisima yenye chumvi, nayo huzifanya mbaazi kavu ziwe ngumu kama changarawe hata zikipikwa saa nyingi. Mpishi mwenye subira hununua madumu ya maji matamu ya kupikia, kisima akakiachia vyombo. Mwenye haraka hutia magadi. Magadi yakizidi utayajua: maganda yamevuka na kuelea, mchuzi una utelezi, na nyuma ya ulimi kuna ladha ya sabuni. Kuna mahali karibu na kivuko, sipataji, nilikokula mbaazi za namna hiyo siku tatu mfululizo nikidhani kijiko ndicho hakikusuuzwa.

Tui nalo lina ngazi zake. Nazi iwe nazi kweli, imepita dafu na koroma, maana koroma hutoa tui la maji maji lisilo na mafuta. Tui jepesi, la mkamuo wa pili, ndilo huchemka na mbaazi pamoja na kitunguu na pilipili mbichi. Tui zito huingia mwisho, kwa moto mdogo, mwiko usisimame. Likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika, ukaona mafuta juu na maji chini. Tui la pakiti silikatai siku ya mvua, ila huacha mchuzi laini kupita kiasi, kama uliopigwa pasi. Tui la mbuzi na kifumbu huacha chembe ndogo sana za nazi. Mimi huzitafuta kwa ulimi kama anayehesabu pesa.

Bizari iwe kidogo. Mbaazi zenye rangi kali ya manjano hunitia shaka, kama mtu aliyejipaka manukato mengi.

Namna ya kula ina umuhimu wake pia. Chana hamri, chota kwa uwazi wake, usitumie kijiko. Hamri lenye kuta imara litabeba mchuzi hadi mdomoni, na bovu litavuja kwenye kanzu.

Na angalia saa. Ukifika saa tatu ukaambiwa zimekwisha, rudi kesho mapema. Ukifika saa tano ukakuta sufuria bado imejaa, nunua chai tu.