Sumaku na msumari huvutana: Tusianze na istilahi

HURUDIWA mno katika vyumba vya walimu kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kumfundishia mtoto sayansi. Dai hili halina mashiko. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka wa 1990. Watoto wa shule za msingi za umma nchini Tanzania nao wamejifunza sayansi kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kani, msuguano, mchapuko, maneno yapo. Ninachokosoa mimi ni kwamba tunaanza na istilahi kabla ya kitenzi.

“Kani ni msukumo au mvuto.” Mtoto wa miaka minane anaikariri, anawekewa alama ya vema, basi. Hebu muulize mbona mpira alioupiga umesimama. Atakwambia, “Umeishiwa na nguvu.” Hapo ndipo penye kazi. Katika mazungumzo yetu nguvu ni mali ya mtu au kitu: ninazo, sina, zimeniisha. Kani haimilikiwi hivyo. Hutokea baina ya vitu viwili. Mpira umesimamishwa na msuguano kati yake na nyasi. Mwalimu anayefuta nguvu ubaoni na kuandika kani hajagusa fikra za mtoto. Afadhali amwache aubingirishe mpira huohuo kwenye sakafu ya saruji, kisha kwenye nyasi, akiusukuma vivyo hivyo, halafu amuulize: kilichobadilika ni nini?

Kwenye sumaku mambo huharibika zaidi. “Sumaku huvuta chuma,” tunawaambia. Lakini katika usemi wa kila siku chuma ni karibu kila metali, hivyo mtoto anakimbilia sufuria ya alumini na waya wa shaba. “Mwalimu, mbona hii imekataa?” Mtoto hajakosea hata kidogo, amelifuata neno tulilompa. Alumini na shaba ziitwe kwa majina yao tangu siku ya kwanza.

Tena sentensi hiyo ina mtenda mmoja tu, kana kwamba msumari umekaa pale ukingoja kuvutwa. Weka sumaku ndogo juu ya penseli mbili zinazobingirika, ushike msumari mkubwa imara karibu nayo. Sumaku ndiyo itakayousogelea msumari! Nani kamvuta mwenzake? Kiswahili kina jibu katika kauli ya kutendana: huvutana. Ncha zinazofanana nazo husukumana. Kiini cha sheria ya tatu ya Newton, iliyochapishwa mwaka wa 1687, kimo katika kiambishi -an- ambacho mtoto alikijua kabla ya kuingia shuleni. (Kwamba mivuto hiyo miwili ni sawa, kiambishi hakisemi. Hilo lisubiri.)

Wapo watakaouliza faida yake ni nini, ilhali kuanzia Gredi ya Nne somo litafunzwa kwa Kiingereza. Nami nitawauliza: aliyekwisha kuelewa kwamba vitu huvutana atahitaji nini huko mbele zaidi ya jina jipya? Asiyeelewa atahamisha ukariri wake kutoka lugha moja hadi nyingine.

Wahariri wa vitabu vya Gredi ya Tatu wangeanza na sukuma, vuta, buruta, nyanyua, bingirisha, teleza, mtoto akivitenda kwa mikono yake. Neno kani lingesubiri ukurasa wa kumi.