Mvua ya Saa Nane

Mwenye nyumba yeyote Kericho anajua saa ya kukaribisha mgeni. Ni saa nne asubuhi. Jua limeshakausha umande juu ya chai, njia ya udongo mwekundu imekaza, na mabati yanameta kana kwamba yamefika jana kutoka dukani. Hata kibanda cha kuku huwa na heshima yake saa hiyo. Ndiyo saa ambayo broka wa leo humleta mnunuzi, na ndiyo saa ya kupiga picha. Mzee aliyetuuzia nyumba ya mama kule Ainamoi hakuwahi kumleta mtu saa nne. Alimleta saa nane mchana.

Msomaji wa kwetu ameshacheka. Saa nane ndiyo saa ya mvua. Mchana ukigeuka tu, mawingu hukusanyika kama watu walioitiwa mkutano, na kabla chai ya saa kumi haijachemka mabati yanapigwa. Siku mbaya huwa ni mvua ya mawe, ile inayochanachana majani mpaka mkulima akakaa majuma bila kikapu mgongoni. Kuonyesha nyumba saa hiyo ni sawa na kumleta mchumba nyumbani siku ya ugomvi. Mama alilalamika. "Boiyot, huyu mtu si atatoroka?"

"Wa kutoroka mvua, mama, mwache atoroke leo," akasema. "Akitoroka ameshalipa nusu, mtavutana mashati hadi kortini."

Boiyot ni mzee tu kwa Kikipsigis, na jina hilo latosha. Alikuwa broka, ingawa neno hilo limechafuka siku hizi kiasi kwamba mtu huliona aibu. Watu wa Pwani wanasema dalali, neno kongwe lenye staha ya baraza na mahamri. Huku kwetu broka ni yule kijana wa stendi anayekulipisha kwanza ili akuonyeshe nyumba, kisha anaiongeza bei ya mwenyewe kiasi chake kisichotajwa, kile tunachokiita cha juu. Boiyot hakula cha juu. Ujira wake aliutaja siku ya kwanza mbele ya mama na mnunuzi wakiwa pamoja, akanyamaza, na hatukusikia habari yake tena mpaka siku ya kulipwa.

Siku hiyo ya mvua mnunuzi alikuwa mwalimu, mtu mpole mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Boiyot alimwingiza sebuleni, akamketisha kwenye kochi la kitambaa cha kufuma, kisha akatuomba wote tunyamaze. Nilidhani anataka kuomba dua. Kumbe alitaka nyumba ijisemee. Mabati ya geji 32 hupiga kelele nyembamba kama mahindi kwenye kikaango. Ya geji 30 yana sauti nzito kidogo, na mwenye sikio huyatofautisha bila ngazi. Tulikaa hivyo, watu wazima sita, tukisikiliza paa la baba yangu. Sijawahi kulisikiliza hivyo miaka yote niliyolala chini yake.

Ndipo tone likaanguka. Lilianguka kando ya kabati la vyombo, chini ya doa la kahawia kwenye silingi. Juma moja kabla, kaka yangu alikuwa amenunua rangi nyeupe alifute doa lile, na Boiyot akamzuia. Sasa mwalimu alitazama juu, akatazama sakafu, akamtazama Boiyot. "Ndilo hilo," mzee akasema. "Kama lipo jingine, tutalisikia pamoja." Mama aliinamisha uso kwa haya. Lakini nilimwona mwalimu akilegeza mabega, kama mtu aliyekuwa akisubiri kudanganywa na sasa amepumzishwa kazi hiyo.

Mvua haijaisha, wakatoka nje na buti zao. Boiyot alimfuatisha mwalimu nyuma ya maji: yanaingilia wapi kutoka kwa jirani, yanapita umbali gani na msingi, yanatuama wapi, choo kiko juu ya kisima au chini yake. Alikuwa na msemo wake kwamba ploti hununuliwa Februari na kujulikana Aprili. Wangapi wamejenga bondeni wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimenyauka na ardhi ngumu kama sahani, na masika yakawakuta wakitoa maji jikoni kwa karai! Yeye aliwaambia wanunuzi wake watazame matete. Penye matete pana maji, hata kama leo unatembea na viatu vya ngozi.

Kuna methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa Boiyot hata ndani hapakutosha. Kabla ya sebule, kabla ya mvua yenyewe, alikuwa ameshampeleka mwalimu mahali ambapo broka mwingine angepazunguka kwa mbali. Alimpeleka kwenye kaburi la baba.

Liko nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi. Kwetu watu huzikwa nyumbani, na kila anayeuza shamba la wazazi huuza kando ya mfu. Wengi hungoja mnunuzi aligundue mwenyewe akiwa ameshapanda mahindi. Boiyot alisimama pale, akavua kofia, akamweleza mwalimu aliyelala hapo ni nani. Kisha wakazungumza juu ya mpaka. Sisi tulikuwa tunauza ekari moja na nusu kati ya tatu, na mstari wa kugawa ulikuwa bado haujachorwa. Sorveya alipokuja, mstari ulisogezwa hatua chache ili kaburi na mparachichi vibaki upande wa kaka yangu, na mwalimu akafidiwa hatua hizo kwa upande wa juu. Wino wa mkataba ulikuwa haujagusa karatasi. Ungekuwa umegusa, hatua zile chache zingetugharimu miaka na mawakili.

Nimefikiri sana ufundi wa mzee huyu ulikuwa nini hasa, maana hakujenga kitu wala kuchonga kitu. Nadhani ufundi wake ulikuwa kuchelewesha. Alijua kwamba ukweli wa shamba hutembea polepole kuliko fedha, basi alizishika fedha mkono mpaka ukweli ufike. Mama alipomwendea mara ya kwanza, hatimiliki ilikuwa bado na jina la baba. Mabroka wawili wa mjini walikuwa wamemwambia jambo hilo litaongewa. Boiyot aliikunja ile karatasi, akamrudishia. "Hii ni mali ya marehemu, mama. Nenda kortini kwanza." Ikabidi twende: barua ya chifu, tangazo kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi, halafu miezi 6 kabla ya kuthibitishiwa urithi. Ulipita mwaka na zaidi. Katika mwaka huo hakuchukua hata shilingi, ila aliuliza swali moja tena na tena: binti walioolewa wameambiwa? Dada zangu walipigiwa simu wote. Mmoja alilia, mmoja alikasirika, na hasira hiyo ikaisha mezani badala ya kuja kuishia mahakamani.

Sheria yenyewe, ukiitazama vizuri, ina busara hiyohiyo ya kuchelewa. Tangu 1967 shamba la kilimo haliuzwi wala kugawanywa bila idhini ya bodi ya ardhi, na idhini isipoombwa ndani ya miezi 6 mkataba unakuwa bure. Watu huisema bodi kuwa ni usumbufu. Lakini nimewaona wazee wa bodi wakimgeukia mke aliyeketi nyuma kabisa na kumuuliza, "Wewe mama, unajua bwana anauza?" na chumba kizima kikanyamaza. Bibi yule alikuwa hajui. Shamba lile halikuuzwa siku hiyo.

Sachi nayo, ule upekuzi wa rejista ya ardhi, Boiyot hakuiamini ikilala. Karatasi ya juzi inasema habari za juzi, na kati ya juzi na leo mtu anaweza kuweka kosheni, yaani zuio. Kwa hiyo siku ya mwalimu kulipa ile asilimia 10 ya kwanza, walipitia kwanza ofisi ya ardhi ya Kericho, asubuhi hiyohiyo, kisha ndipo kwa wakili. Tena kila mmoja na wakili wake. Wakili mmoja kwa watu wawili, alisema, ni kama ng'ombe mmoja kukamuliwa na majirani wawili. Mama alitaka kuwapa mabroka wanne nyumba moja ili iuzike upesi. Akamwonya kwamba nyumba inayotangazwa na watu wanne kwa bei nne tayari imejitukana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na halafu kuna chai yenyewe, jambo ambalo kitabu chochote cha biashara ya nyumba kilichoandikwa mbali na hapa hakina. Ukinunua nyumba yenye michai, unanunua majani ya kesho. Ya jana ni ya nani? Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na bonasi huja baadaye, mara nyingi Oktoba, kwa majani ya mwaka uliofungwa Juni. Sisi tuliuza Agosti. Boiyot ndiye aliyekumbusha kwamba bonasi ile ilikuwa jasho la mama, ikaandikwa hivyo. Ndiye pia aliyekumbusha kwamba mbolea tuliyochukua kwa mkopo bado ilikuwa ikikatwa kwenye namba yetu ya ukulima, na kwamba deni hilo lisimfuate mwalimu. Nimesikia ya ndugu walioacha kusalimiana kwa sababu ya bonasi moja. Sisi na mwalimu tunasalimiana hadi leo, na bei yake ilipunguzwa kwa thamani ya mabati ya pembe ile moja iliyovuja, wala si shilingi zaidi.

Huenda wivu huu wa mpaka tuliurithi. Wazee wetu hawakuwa wauzaji wa ardhi. Kokwet, baraza la majirani, ilijua nani analima wapi, na neno la mzee lilikuwa bikoni. Kisha miaka ya 1920 mabonde yetu mazuri yakawa ya makampuni ya chai, na watu waliokuwa wakiishi humo wakasukumwa kando. Hakuna aliyetembezwa mpaka, wala aliyeulizwa kaburi la baba yake liko wapi. Hata juzi, kuanzia 2023, mashamba hayo makubwa ya James Finlay, na baadaye ya Lipton, yalipopita mikononi mwa Browns ya Sri Lanka, wengi wetu tuliisoma habari hiyo gazetini kama habari ya nchi nyingine. Ukizaliwa kando ya ua kama hilo, unajua ardhi inaweza kuondoka bila kuaga. Nadhani ndiyo maana Boiyot alitaka kila ekari ndogo iage vizuri.

Leo ninaona haraka nyingine, na hii hatukuletewa na mtu. Michai iliyopandwa na babu inang'olewa, shamba linakatwa hamsini kwa mia, na tangazo linasema inagusa lami. Mtu aliye Nairobi, au Doha, anatuma pesa kwa simu kabla hajakanyaga udongo. Jirani yetu mmoja aliuza hivyo. Mnunuzi alipokuja na lori la mawe, ile barabara iliyoonekana kwenye picha haikuwa kwenye ramani. Ilikuwa njia ya ng'ombe ya watu wengine, nao waliifunga kwa miiba. Broka alikuwa ameshabadilisha namba. Ipo sheria ya mawakala wa ardhi na nyumba, Sura ya 533, na ipo bodi ya kuwasajili, lakini anayeuliza cheti cha broka stendi atachekwa. Tumekubali kwamba kazi hii ni ya yeyote mwenye simu yenye chaji.

Boiyot hatembei mipaka tena. Magoti yamekataa, na fimbo aliyofukulia bikoni chini ya nyasi sasa inamfikisha kanisani tu. Hakumfundisha mtu. Nilimuuliza sababu, akasema waliokuja kujifunza walitaka kujua analipwa kiasi gani.

Mwezi uliopita nilimkuta mjini, ameketi kwenye benchi karibu na stendi. Kijana mmoja alikuwa amemwinamia, akimwonyesha nyumba kwenye simu. Kweli ilikuwa nzuri: mabati ya kijani, vigae kwenye veranda, chai imezunguka pande zote kama zulia. Kijana alitaka mzee amsaidie kumpata mnunuzi kati ya wale wazee wa zamani wanaomwamini.

Boiyot aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu kuliko kijana alivyotarajia.

"Weri," akauliza, "hii ilipigwa saa ngapi?"

"Saa nne, mzee. Saa nne na nusu."

Akairudisha simu, akainua macho kutazama mawingu.