Cinna mtunga mashairi: juu ya kitabu "Juliasi Kaizari"

Wengi wetu tulimjua Kaisari kwanza katika Kilatini, tukimfuata vitani kule Gallia na kuogopa pointi za mtihani. Kumbe yuko Kaisari mwingine, asemaye Kiswahili tangu 1963. Mwaka ule Julius Nyerere, Prezida wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare. Mwaka 1969 akaitoa tena, imetengenezwa, kwa jina "Juliasi Kaizari". Sikio la seminari linakwaruzwa kidogo na huyo "Juliasi" aliyepitia kwa Waingereza kabla ya kufika kwetu. Lakini mashairi yale yasiyo na vina yanasomeka vizuri kwa sauti, hata hapa Goma. Tena si kawaida Prezida kujichagulia kitabu kinachoonyesha namna mtawala anavyouawa na rafiki zake. Januari 1964 askari wake mwenyewe waliasi, naye akalazimika kujificha.

Habari kubwa ya mchezo inajulikana. Brutus na wenzake wanakula njama, wanamwua Kaisari tarehe 15 Machi, mwaka 44 mbele ya kuzaliwa Kristu, kusudi Roma isipate mfalme. Wakapata nini? Vita, kiisha Octavius, yule kijana wa maneno machache. Ndiye Kaisari Augusto tunayemsikia kila Noeli katika Injili ya Luka, aliyeamuru watu waandikwe.

Walimu hupenda kubishana juu ya Brutus, kama alikuwa mwema au mpumbavu. Sisi tunataka kukaa juu ya kipande kidogo tu, ambacho zamani kule Ulaya wachezaji walikikata mara nyingi. Ni mwisho wa sehemu ya tatu. Antonius amekwisha kuwasomea watu wosia wa Kaisari, drakma 75 kwa kila mwananchi, nao wamewaka moto. Anapita Cinna, mtunga mashairi. Wanamzunguka: jina lako nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi? Umeoa? Anajibu kwa mzaha kidogo, kama mtu asiyejua kwamba saa yake imefika. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anawaeleza kwamba siye yule. Nao wanamsikia! Suetonius, mwandishi wa Roma, anasema Cinna alikufa kwa kosa la jina. Shakespeare ameliondoa kosa lile. Watu hawa wanajua ni mwingine, na wanamwua, maana jina linawatosha.

Msomaji wa Goma hahitaji maelezo mengi hapa. Mwaka 1993, kule Walikale na Masisi, wangapi waliuawa kwa sababu ya kabila tu? Na tangu pale, kwenye barieri, wangapi wamesimamishwa na kuulizwa maswali ya Cinna: jina, kwenu wapi, unasema lugha gani? Wakubwa wenye ugomvi hawakuwapo barabarani.

Walikuwa wapi? Geuza ukurasa. Antonius, Octavius na Lepidus wameketi nyumbani, wanatia alama kwenye majina ya watakaokufa. Lepidus anamtoa ndugu yake, Antonius anamtoa mpwa wake, kwa utulivu, kama watu wanaogawana viti. Kiisha Antonius anaagiza wosia uletwe, kusudi waone namna ya kupunguza zile fedha. Drakma 75 zilezile! Damu ya Cinna haijakauka, na karatasi iliyowasha moto inatafutiwa makasi. Shakespeare hasemi neno juu yake. Ameweka vipande viwili karibu, basi.

Kwa hiyo tuna lawama moja, nayo si juu ya mtafsiri. Katika masomo yetu mwanafunzi hupewa hotuba ya Antonius aikariri, na akiisema vizuri tunampigia makofi. Hata sisi tumepiga. Cinna hana mwanafunzi. Wafrateri wakiucheza mchezo huu tena, tunaomba wamwache apite, na wale wanaomzunguka wasichaguliwe kati ya wachekeshaji.