Bisi za Léopoldville na kosa la shofere

Wandugu, kila wakati tunaongea juu ya historia ya usafiri wa Kinshasa, mtu analeta ile hadithi ya jirobisi. Hadithi yenyewe ni ya kweli. Namna tunaisimulia ndiyo siikubali.

Miaka ya 1950, Léopoldville ilikuwa na bisi 12 za umeme kutoka Uswisi, kazi ya kiwanda cha Oerlikon. Hazikutumia mazuti, wala hazikuhitaji waya juu ya barabara. Ndani yake mlikuwa na gurudumu zito la chuma. Bisi ikifika kituoni inachomekwa kwenye umeme, gurudumu linazunguka mbio sana, halafu nguvu ya ule mzunguko inasukuma bisi mpaka kituo cha mbele, karibu kilomita 2. Bisi moja ilibeba hadi watu 90. Njia zilikuwa 4, jumla kilomita 20 hivi, na hakuna mji mwingine duniani uliokuwa nazo nyingi hivyo. Mwaka 1959 zikaachwa.

Kwa nini? Hapa msimulizi anacheka: mashofere walikata njia za mkato kwenye udongo, mvua ikanyesha, bisi za tani 10 zikakwama. Basi, Wakongo waliharibu. Na sisi wenye lisansi tunacheka pamoja naye.

Kupita kwenye matope, ndiyo, walipita. (Mtu wa Kindu aliyepanda moto wakati wa mvua anajua: shofere anapita pale panapopitika.) Lakini Gent, kule Ubelgiji, walikuwa na bisi za namna hiyo tangu 1956, mashofere Wabelgiji, na wakaziacha 1959, mwaka uleule! Yverdon, kwao Uswisi, zilianza 1953 zikaisha 1960. Huko nani alikata njia matopeni?

Kilichoziua Léopoldville ni hesabu: bisi moja ilikula kilowati-saa 3.4 kwa kila kilomita, kampuni ikaona haiwezi kulipa. Tena unyevu wa hewa ulisumbua mota, na rulma za gurudumu zilivunjika.

Inaniuma kwa sababu katika kilimo naisikia ileile: mbegu ya mradi inakataa kuota, ripoti inaandika mkulima hakufuata maelekezo. Udongo hakuna aliyeupima.

Basi mtu akianza tena kusimulia, mumwache amalize kucheka, halafu mumuulize juu ya Gent.