Kwaya Isiyo na Kinanda

Hapa Giakanja, Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kwaya ikiimba bila kinanda hata wenye kikohozi cha baridi hujizuia. Waumini watakwambia Roho ameshuka. Sibishani nao. Ila pana ufundi pia, na mafundi wake hawasifiwi inavyostahili.

Chukua waimbaji wawili. Mmoja anatoa sauti yenye mitetemo 440 kwa sekunde, mwenzake 443. Sikio halipati sauti mbili, linapata moja inayopwita mara tatu kila sekunde. Wakisogeleana, mpwito unapungua, halafu unakufa, na sauti inanyooka ghafla. Mwili husisimka hapo hapo. Fikiria basi kazi ya kuwanyoosha soprano, alto, teno na besi kwa pamoja, wengi wao wametoka shambani na koo zimekauka.

Na kulingana kwa sauti hakutoshi. Kikuyu kina irabu saba, Kiswahili tano, na hapo ndipo mwalimu wa kwaya hutokwa jasho. Mwimbaji mmoja wa alto akiachama mdomo kwenye ĩ kana kwamba ni e, sikio linamnasa yeye peke yake, na wimbo mzima unamhusu yeye. Mwalimu anasimamisha. Silabi ile ile inarudiwa, kila mtu akitazama mdomo wa jirani, hata Jumamosi iishe kwenye ubeti mmoja. Besi nao wanafundishwa kupokezana pumzi: huyu anavuta katikati ya neno, yule anashikilia, msikilizaji asijue wimbo ulikatika wapi.

Wengi wanasoma solfa, ile iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ikaletwa huku na wamishonari. Shuleni, mashindano ya muziki yaliyoanza 1927 yakaiongezea makali. Lakini wazee wetu hawakuingojea solfa ili waelewane. Katika nyimbo za kuitikiana, waitikiaji huingia kabla kiongozi hajamaliza, na hakuna anayemgonga mwenzake. Kwenye ngoma ya mwomboko, pete ya chuma ya karing'aringa ikilia, miguu yote inageuka mara moja.

Mwaka 2013, watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha kwamba mioyo ya wanakwaya huenda kasi na kupungua kasi pamoja, kwa sababu wanapumua pamoja. Waliopimwa ni waimbaji, si wasikilizaji. Lakini keti benchi la mbele uone kama hutajikuta unavuta pumzi wanapovuta.

Sasa kinanda. Kila oktavu yake imegawanywa hatua 12 zilizo sawa, na kwa ajili ya usawa huo noti yake ya mi imekaa juu kidogo ya mi ile inayoua mpwito kabisa. Kwaya iliyozoea kuegemea kinanda hujifunza kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Tena huja spika, kila mtu na maikrofoni yake, na yule wa alto anayeachama sasa anasikika mpaka barabarani. Tunaita hayo maendeleo.

Wazee wa kanisa, kabla hamjaitisha harambee ya spika nyingine, zimeni zilizopo kwa wimbo mmoja tu Jumapili hii.