Redio ya kuzungusha: tumeijaribu Buyenzi

Mwingereza Trevor Baylis alianza kubuni redio ya kuzungusha kwa mkono mwaka 1991, ili habari za UKIMWI zifike Afrika pasipo umeme wala betri. Siku hizi inauzwa kama zawadi, na tochi na tundu la kuchajia simu ndani yake. Ndugu walio Marekani wametutumia moja. Umeme ulipokatika tukaijaribu.

Tochi: iko sawa kabisa, watoto wanagombania kuzungusha. Redio: inasikika vizuri, lakini inazima katikati ya habari. Simu: hapo bure. Tulizungusha mpaka jasho, chaji haikupanda. Na simu ndiyo tuliyoihitaji. Habari tutazisikia kwa jirani; mama aliyebaki Uvira tutamsikia kwa nani? Ndugu, mukituma tena, tumeni chaja ya sola.