Oili ya Giaboksi ya Otomatiki Garissa: Kazi Safi Utaitambuaje

Anayebadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki apimwe kwanza kwa swali moja: anapima joto la oili, au anapima wingi wake peke yake? Oili hufutuka ikipata moto na kunywea ikipoa. Kwenye giaboksi ya lita 8, tofauti ya digrii 40 hubadilisha ujazo kwa takriban robo lita, na robo lita yatosha kuifanya giaboksi iteleze au itoe povu. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Gari lililolala nje huamka baridi, na fundi ana nafasi ya kupima bila haraka. Garissa iko chini, mita 150 hivi, na mchana wa Jilaal, kati ya Januari na Machi, joto la kivulini hupita digrii 37. Utaratibu uliozoeleka Nairobi ukiletwa huku bila kurekebishwa hukosea kipimo. Mwenye gari wa Garissa, Wajir au Mandera anahitaji kujua kazi safi ikoje kabla hajalipa.

Lini ibadilishwe

Watu wengi wameambiwa kwamba oili hii hudumu maisha yote ya gari. Hata watengenezaji hawasemi hivyo kwa gari la kazi. Mwongozo wa Toyota kwa wateja wa Marekani unataka oili ibadilishwe kila maili 60,000, yaani kilomita 96,000 hivi, kwa gari linalobeba mzigo mzito, linalovuta trela au lenye keria juu. Sasa iangalie Probox ya huku, imejaa mpaka kwenye keria, au Prado inayokata mchanga kuelekea Modogashe. Mchangani ndiko giaboksi inakoteswa kuliko mahali popote: injini inavuma, magurudumu yanazunguka taratibu, na nguvu inayopotea katikati inageuka kuwa joto ndani ya oili. Oili hufanya kazi vizuri kati ya digrii 80 na 95. Mafundi wana kanuni ya makadirio kwamba kila digrii 10 zinazozidi hapo hukata maisha ya oili nusu.

Ushauri wangu ni huu. Gari la biashara au la njia ya mchanga libadilishiwe kila kilomita 40,000. Gari la familia linaloishi kwenye lami ya Garissa hadi Thika linaweza kufika 60,000. Giaboksi ya CVT, ile ya mkanda wa chuma, ishike 40,000 hata kama gari halibebi mizigo. Gari lililotoka Japani, ambalo Kenya hulipokea mradi halijapita miaka 8, libadilishiwe mara linapofika, kwa sababu historia yake ya oili haiji na meli.

Mafuriko hayasubiri kilomita. Mto Tana ulipokata barabara upande wa Madogo mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, kina cha maji ndicho kilichokuwa hatari kwa gari lolote lililojaribu kupita. Maji huingia kwenye giaboksi kupitia tundu lake la kupumulia. Oili hugeuka pinki yenye maziwa, na maji hayo hulainisha gundi iliyoshika bitana za klachi. Ukiona rangi hiyo, usiendeshe hata hadi sokoni. Gari lichukuliwe kwa lori la kubeba magari, oili imwagwe, ijazwe mpya, kisha imwagwe tena mpaka irudi safi.

Kuna hali moja ambayo fundi bora hujulikana kwa kukataa kazi. Oili ikiwa nyeusi, inanuka kuungua, na gia tayari zinateleza, oili mpya haitaponya klachi iliyokwisha. Mwaminifu atadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akuonyeshe, na kukuambia, “Mzee, hapa pesa ya oili itapotea, tuzungumze juu ya giaboksi yenyewe.” Huyo mshike.

Oili gani

Rangi nyekundu haikuambii kitu. Ni rangi iliyotiwa ili uvujaji wa giaboksi utofautishwe na wa injini. Chupa mbili zenye wekundu uleule zinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa. Toyota za zamani hutumia T-IV, nyingi za baadaye hutumia WS iliyo nyepesi zaidi, na CVT za Toyota zina oili zake, FE au TC. Nissan za CVT hutaka NS-2 au NS-3. Honda hutaka DW-1 au, kwa CVT mpya, HCF-2.

Chupa inayopatikana kwa urahisi madukani imeandikwa Dexron III, na wengi huinunua kwa ajili ya stiaringi. General Motors iliacha kutoa leseni ya jina hilo mwishoni mwa 2006. Maandishi hayo leo ni ahadi ya mtengenezaji wa chupa peke yake. Yaweza kufaa stiaringi ya gari la zamani. Kwenye giaboksi ya WS ni nzito mno.

Fundi mzuri hasemi “ATF ni ATF,” kana kwamba oili zote za otomatiki ni sawa. Huvuta kijiti cha kupimia, kwa sababu Toyota nyingi zimechapa aina ya oili hapo hapo kwenye chuma, au hufungua kitabu cha gari. Chupa huletwa zikiwa na kizibo kisichoguswa na alama ya KEBS, na hufunguliwa mbele yako. Oili ya kupimwa kwenye jerikani haifai kuingia giaboksi, hata kwa bei gani.

Mikono yake ukiitazama

Angalia anachofungua kwanza. Anayejua hulegeza nati ya kujazia kabla ya kugusa nati ya kumwagia. Nati ya kujazia ikiwa imeshika kutu na oili ishamwagika, gari limekwama juu ya jeki.

Kisha tazama kama anajua siri ya magari yasiyo na kijiti. Kwenye CVT nyingi za Toyota na baadhi ya otomatiki zake, nyuma ya nati ya chini mna kijibomba cha kupimia, ambacho nacho lazima kifunguliwe. Asiyejua huona oili kidogo ikitoka, hudhani imekwisha, hurudisha kidogo, na kulipisha kazi nzima. Hata kazi kamili haitoi yote: kwenye giaboksi ya lita 7 hutoka 3 au 4, nyingine hubaki ndani ya tokikonvata (torque converter). Kwa hiyo gari lililopuuzwa humwagwa mara mbili au tatu, kilomita mia chache katikati. Njia hiyo ni ya upole kuliko mashine ya kusukuma, ambayo huweza kuhamisha uchafu wa zamani hadi kwenye vali nyembamba.

Iliyotoka hupimwa. Hii ni alama kubwa ya ustadi: chombo chenye mistari ya lita, namba inaandikwa, na iliyotoka inalinganishwa na inayoingia. Akishusha sampu, yaani beseni la oili chini ya giaboksi, akuonyeshe sumaku zake. Uji wa kijivu laini kama unga wa wimbi ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno ya chuma yanayovunjika. Filta isafishwe au ibadilishwe, gaskiti iwe mpya, washa ya nati iwe mpya, na bolti za sampu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kwa sababu sampu iliyopinda itavuja.

Vumbi ni adui wa pekee wa huku. Giaboksi iliyo wazi haitaki upepo wa alasiri. Fundi makini hutandika turubai chini, hufuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na hufunika faneli kila anapoinuka. Ijumaa haanzi kazi hii saa tano, kwa sababu hataiacha sampu chini wakati wa sala.

Kipimo, alfajiri

Hapa ndipo kazi ya Garissa inapotengana na kazi ya kwingine. Kwa magari yasiyo na kijiti, usawa hupimwa injini ikiunguruma, gari likiwa sambamba, oili ikiwa kati ya digrii 35 na 45 kwa giaboksi nyingi za Toyota na Nissan. Fundi hupitisha gia taratibu kutoka P hadi D na kurudi, husubiri joto lifike, hufungua nati ya kupimia, na kufunga mchirizi unapokatika na kuwa matone. Gari lililoendeshwa mpaka gereji saa nne asubuhi lina oili ya digrii 80, na kwenye hewa ya digrii 37 itachukua saa nyingi kushuka. Akipima ikiwa moto hivyo, oili iliyofutuka itamwagika kupita kiasi, na gari litakwenda na upungufu.

Kwa hiyo gari lilale gereji. Kazi ianze baada ya sala ya alfajiri, wakati hewa ingali kwenye digrii 20 na kitu, na chupa ziwe zimelala kivulini. Joto lisomwe kwa kompyuta ya gari, au kwa njia ya Toyota ya kuunganisha pini mbili za soketi ya uchunguzi ili taa ya D iwake joto likifika. Mkono juu ya sampu hauwezi kutofautisha digrii 42 na 52.

Magari yenye kijiti ni mepesi zaidi: kijiti kina alama za baridi na za moto, na Toyota hupimwa ikiunguruma, baada ya kuendeshwa. Honda nyingi hupimwa mara tu injini inapozimwa. Fundi anayechanganya hayo mawili bado anajifunza.

Kabla hujalipa

Liendeshe gari mpaka lipate moto, gia zote ziguswe, kisha liinuliwe tena muone chini pakavu. Oili chakavu iwekwe kwenye jerikani iliyofungwa. Wenye mbao na nguzo huitaka kwa ajili ya mchwa. Isimwagwe mchangani, kwa kuwa mji huu unakunywa maji ya Tana.

Mwisho, dai karatasi: tarehe, kilomita, aina ya oili, lita zilizotoka, lita zilizoingia, na joto la kipimo. Fundi anayeweza kuandika mistari hiyo sita bila kubahatisha amefanya kazi kweli. Mlipe na alfajiri yake pia, kwa kuwa kazi ileile ya mchana, hata ikiwa rahisi, haikupi uhakika huo.